Lita si jina la mtu

Tanga, 9 Machi

Shoga yangu Zaina,

Salamu nyingi, na za watoto pia. Sisi wazima, ila joto. Nakuandikia hasa kuungama.

Unakumbuka siku ya harusi ya binamu yako, tukimimina sharubati, nilivyokuambia lita ni jina la Mfaransa, Claude Litre, mtoto wa fundi wa chupa za mvinyo? Shoga, uongo mtupu. Mtu huyo hajapata kuzaliwa. Alimzua Kenneth Woolner wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, mwaka 1978, kwa mzaha! Alama ya lita wakati huo ilikuwa l ndogo, na ukiiandika inafanana na 1. Herufi kubwa hupewa vipimo vyenye majina ya watu, kama wati ya James Watt. Ndiyo akamtafutia lita mtu wake. Mwaka 1979 L kubwa ikaruhusiwa kweli, bila kuhitaji mtu.

Neno lenyewe linatokana na litron, kipimo cha nafaka cha Wafaransa wa zamani, nao walilitoa kwenye litra ya Kigiriki. Litron 16 zilijaza kipimo kikubwa kiitwacho boisseau. Yaani kibaba na pishi tu, ila sisi vibaba 4 vinatosha! Litron haikufika lita. Sheria ya vipimo vipya ya 1795 ndiyo iliyoweka lita: kisanduku cha sentimita 10 kila upande.

Jana nilikitengeneza na Hamisi. Manila, solotepu, ndani tukatandika nailoni. Tukamimina maji ya chupa ya lita. Yakakaribia ukingo, kuta zikafura kama tumbo la mlafi. Hamisi hakuridhika. Tukayarudisha kwenye chupa, tukaenda dukani kwenye mizani, chupa tupu ya aina ileile tukaiweka upande wa jiwe la kilo ili haki itendeke. Mikono ikasimama sawa.

Mwaka 1901 wataalamu waliamua lita iwe ndiyo hiyo, nafasi ya kilo moja ya maji safi. Kumbe inazidi kisanduku kwa sehemu 28 katika milioni! Mwaka 1964 wakarudi kwenye kisanduku. Mimi ningebaki na maji.

Sasa mwambie binamu yako taratibu. Nasikia ameshawafundisha darasa la tano habari za Claude.

Wako,
Mwanahawa