Kutoka Boxer kwenda 250 iliyotumika: usimalize hela yote kwenye bei

Wateja wengi wa gereji yetu hapa Arusha walianza na Boxer au TVS HLX. Ni pikipiki nzuri za kuanzia. Hazili mafuta, spea zake ziko kila kona, na hata ikikuzimikia kijijini hukosi fundi anayeijua. Lakini maisha yanabadilika. Mtu anahamishiwa kazi Karatu, au anaanza kupanda Monduli kila wiki na mzigo nyuma, na pikipiki ya cc 125 (huo ndio ukubwa wa injini) inalia mlimani kwenye gia ya tatu huku lori likimsukuma kwa nyuma. Hapo ndipo anapokuja kutuuliza kuhusu pikipiki ya cc 250.

Swali letu la kwanza huwa ni bajeti. Akishataja, tunamwomba atoe robo aiweke pembeni, kisha atafute pikipiki kwa kile kinachobaki. Wengi hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu hiyo robo ndiyo inayotenganisha pikipiki waliyoiona na ile wanayoitamani. Tunasisitiza hata hivyo, maana tunajua zinakotoka. Pikipiki kubwa zilizotumika zinazouzwa huku nyingi zimetoka Japani, au zimenunuliwa kwenye minada ya miradi na mashirika, au zimeachwa na wasafiri waliomaliza safari yao. Karibu zote zina kitu kimoja kinachofanana: zimekaa muda mrefu bila kuendeshwa. Na pikipiki iliyokaa huharibika kimyakimya. Petroli hukauka ndani ya kabureta ikaacha gundi, mpira wa sili unapasuka, tairi linakuwa gumu, na ile sponji ya chujio la hewa inaoza mpaka ukiigusa inamomonyoka kama keki. Vipande vyake vikinyonywa na injini, utakuja kuvilipia.

Kuhusu aina, usichague kwa cc peke yake. Honda XR250 Baja, ile yenye taa mbili kubwa za duara, ni imara sana na haina rejeta ya kutoboka. Honda CRF250L, iliyoanza kutoka mwaka 2012, haina kabureta kabisa. Inatumia mfumo wa kupuliza mafuta na inapozwa kwa maji. Ni tamu barabarani, ila kiti chake kiko sentimeta 87 hivi kutoka chini na tangi lake halifiki lita 8, kwa hiyo safari ya porini inataka mahesabu. Kwa mtu mfupi tunapendekeza Yamaha Serow 225 au Suzuki Djebel 200. Viti vyake viko kwenye sentimeta 81, na Djebel ina tangi la lita 13. Tumewaona watu wakiidharau Serow kwa sababu ya umbo lake dogo. Sisi tunaiheshimu. Kwenye tope la Machi na Aprili, anayefikisha miguu yote miwili chini anafika mapema kuliko mwenye nguvu nyingi anayeokota pikipiki kila baada ya mita mia.

Jambo la leseni lisikupite. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo, chini ya cc 125. HLX 125 ina cc 124.5, kwa hiyo kuna watu wameendesha miaka kwa A1 bila shida. Ukipanda kwenye 200 au 250 unahitaji daraja A. Lishughulikie kabla hujanunua, kwa sababu siku ya ajali bima ndiyo itakayoliuliza.

Sasa ukaguzi wenyewe. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini na ekzosi kwa mkono. Ikiwa ya moto, ameipasha, na umekosa jambo muhimu kuliko yote: kuona inavyowaka ikiwa baridi. Yenye afya huwaka kwa choki, na baada ya dakika chache hutulia ukiifunga choki. Ikikubali kwa choki tu na kuzima kila ukiifunga, tundu dogo la kabureta limeziba. Muuzaji atakwambia ni plagi. Mara nyingi siyo plagi. Moshi wa bluu usioisha baada ya injini kupata moto maana yake oili inaungua, na hapo tunamshauri mteja aondoke, hata bei iwe ya kutupa.

Shika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea kwako. Ikiachia mpaka ukaliona jino, imekwisha, na hubadilishi cheni peke yake. Unabadilisha na sproketi zote mbili. Kumbuka 250 nyingi zinatumia cheni namba 520, wakati Boxer na Serow zinatumia 428, kwa hiyo usitegemee kuipata kwenye kila duka la spea la njiani. Ni hivyohivyo kwa tairi la mbele la inchi 21. Tunawashauri wateja wote wabebe mpira wa ndani wa akiba wa saizi hiyo.

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2316 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kashata (meno ya tairi) zinaweza kuwa bado ndefu na za kuvutia, lakini mpira wa umri huo umekauka na hautashika lami yenye maji.

Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole kushoto na kulia. Ukihisi unakwama katikati kama umeingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimeliwa. Pangusa shokapu za mbele kwa kidole, na ukikuta mafuta, sili zimekwisha. Halafu soma namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu uilinganishe na kadi ya usajili, herufi kwa herufi. Namba iliyokwanguliwa haina maelezo yanayokubalika. Angalia na madeni ya faini za trafiki kwa namba ya usajili, na usikubali kuachiwa kadi yenye jina la mtu wa tatu ambaye hapatikani. Mwenye jina kwenye kadi ndiye wa kwenda naye TRA (Mamlaka ya Mapato) kubadilisha umiliki.

Ukishaileta nyumbani, kuna tabia za Boxer ambazo lazima uziache. Wengi waliozoea breki za drumu wanafunga kwa mguu tu, mkono wa kulia unakaa bure. Kwenye 250 breki ya mbele ni ya diski na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ijifunze taratibu kwenye lami kavu, ukiibana kwa vidole viwili na kuongeza nguvu kidogokidogo. Kwenye changarawe ukiibana kwa ghafla gurudumu la mbele linateleza na uko chini kabla hujajua. Tunawaomba wateja wetu wafanye zoezi hili kwenye uwanja mtupu kabla ya kumpakia mtu yeyote nyuma. Tunalisema kila mara na tutaendelea kulisema.

Na mwenye XR250 asipime oili kama alivyozoea. Oili ya injini hii inatunzwa ndani ya fremu. Ikiwa imelala usiku kucha, kijiti kinaweza kutoka kikavu, mtu akaongeza nusu lita ambayo haikuhitajika, ikafurika mpaka kwenye chujio la hewa. Iwashe, iache iungurume dakika chache, zima, ndipo upime.

Ile robo uliyoiweka pembeni inaingia kazini wiki ya kwanza: oili na chujio lake, sponji mpya, maji ya breki, kusafisha kabureta, kupima valvu, na tairi au cheni kama ukaguzi ulionyesha hivyo. Ikibaki, ni ya mafuta, maana ulizoea pikipiki isiyokunywa na sasa una inayokwenda kilomita 30 hivi kwa lita.

Kama umepata pikipiki na huna uhakika, njoo nayo gereji pamoja na muuzaji, asubuhi, ikiwa imebebwa kwenye pikapu bila kuwashwa. Tunaikagua mbele yenu wote wawili, na tunakuandikia kila kinachohitaji kubadilishwa pamoja na bei yake, ili mrudi kwenye mazungumzo ya bei mkiwa na karatasi mkononi.