Saa tisa ya puto

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Kwako Mwanaidi,

Sisi wazima, mama anakusalimu, na mvua imetuachia mbu na madimbwi. Unanitania kwamba tangu nianze kazi hii ya hewa siandiki tena. Basi leo naandika, na utajuta, maana nina jambo limenikaa kooni.

Uliwahi kuniuliza: kama setelaiti zinapima joto la anga dunia nzima, maputo ya nini tena? Nikakujibu harakaharaka kwamba puto ndilo shahidi wa kweli. Nilikurupuka.

Setelaiti haina kipimajoto cha kuning'iniza huko juu. Inapokea mawimbi dhaifu ya maikrowevu yatokayo kwenye oksijeni, na kwa nguvu ya mawimbi hayo watu wanakadiria joto la tabaka zima la hewa, kilomita nyingi kwa mpigo. Puto lenyewe linapanda na kijisanduku chenye redio, likituma joto, unyevu na mgandamizo wa kila kimo, mpaka kwenye kilomita 30 hivi linapasuka. Kwa hiyo vipimo vya puto unavijumlisha kwanza, kila kimo ukikipa uzito ule ule ambao setelaiti inakipa, ndipo unalinganisha.

Hilo nalijua hata usingizini. Kilichoniumbua ni saa. Maputo huachiwa saa 00 na saa 12 za kimataifa, yaani saa za Greenwich, zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Mimi nikaona 12, nikasoma adhuhuri, nikaendelea na maisha. Kumbe kwetu, tulio saa tatu mbele, hiyo ni saa tisa alasiri, na 00 ni saa tisa usiku! Wiki nzima nimeoanisha maputo na mapito ya setelaiti yasiyo yao. Usimwambie kaka yako, atanicheka mpaka Idi.

Kinachonifariji ni kwamba wakubwa nao waliangushwa na saa. John Christy na Roy Spencer, wanasayansi wa Alabama, Marekani, walitoa mwaka 1990 rekodi yao ya setelaiti, inayoanzia 1979, nayo kwa miaka mingi ilionyesha joto likipanda kidogo mno. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel wakaonyesha kwamba setelaiti zinashuka kidogokidogo kwa kukwaruzana na hewa nyembamba ya huko juu, na kule kushuka kunaingiza ubaridi wa uongo. Mwaka 2005 Carl Mears na Wentz wakaibua la pili: kadiri miaka inavyokwenda, setelaiti inapita mahali palepale saa tofauti na ya mwanzo, na hesabu ya kurekebisha tofauti hiyo ilikuwa imekwenda kinyume, panapotakiwa kujumlisha pametolewa. Christy na Spencer walikiri, wakarekebisha, na ongezeko lao likapanda kutoka nyuzi 0.09 hivi hadi 0.12 kwa kila miaka kumi.

Sasa sikia linaloninyima usingizi. Kabla ya hapo, maputo yalikuwa yakikubaliana na ile rekodi yenye kosa! Mwaka huohuo wa 2005 Steven Sherwood na wenzake wakaeleza sababu moja: vihisi vya joto vya maputo ya zamani vilikuwa vinapigwa na jua la mchana na kusoma joto la ziada. Ni kama uweke kipimajoto juu ya bati pale Kariakoo, halafu useme umepima hewa. Vihisi vya baadaye vikakingwa vizuri zaidi, na kwa kuwa ule uongo ulipungua mwaka hadi mwaka, ikaonekana kana kwamba anga la mchana halipati joto. Mashahidi wawili, kila mmoja na kasoro yake, wakatoa maelezo yanayofanana, nasi tukaridhika.

Mkubwa wangu anataka mchoro mmoja wenye mistari miwili iliyolaliana, wa setelaiti na wa maputo, apeleke kwenye mkutano. Nimemwambia nitampa michoro miwili, wa maputo ya usiku na wa maputo ya mchana, kila mmoja peke yake. Kanuna. Acha anune.

Umeme umekatika tangu alasiri, ndiyo maana mwandiko unapanda na kushuka hivi. Umeme ukirudi naanza na takwimu za maputo ya saa tisa usiku, safari hii saa tisa kweli. Wewe niandikie habari za Tanga, na ukija usije mikono mitupu: machungwa ya Muheza, yale ya kumenya kwa kisu, siyo yale uliyoniletea mwaka jana.

Rafiki yako,
Tatu