Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Matapeli wa Simu na Leseni Zetu

Ndugu wanachama,

Taarifa ya fedha ataisoma Mhazini, na ratiba ya mafunzo endelevu imo kwenye kabrasha mlilopewa mlangoni. Muda wangu mwingi nautumia kwa jambo lililosumbua wanachama kuliko yote mwaka huu hapa Dar es Salaam: watu wanaowapigia madaktari, wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara wakijifanya maofisa wa mabaraza yetu, yale yanayotusajili na kutupa leseni.

Simu yenyewe huwa hivi. Mpigaji ana sauti tulivu, anakutaja kwa cheo na majina yako matatu, halafu anakusomea namba yako ya usajili tarakimu kwa tarakimu. Hapo ndipo wengi hulegea. Anadai kuna mgonjwa kalalamika, faili liko mezani, leseni inasimamishwa leo saa kumi. Lakini "kwa kuwa sote ni watu wa fani", ukilipa faini sasa hivi litafungwa kimya kimya. Hataki ukate simu. Atabaki nawe hewani mpaka pesa iingie, maana anajua ukipata dakika mbili za kumuuliza mwenzako wa zamu, kazi yake imeharibika.

Kuijua namba yako ya usajili si ushahidi wa chochote. Imo kwenye mhuri unaogonga kila siku, na kwenye famasi na zahanati nyingi leseni imebandikwa ukutani. Sisi wenyewe tunazidisha: mtu akitafuta kazi ya ziada hospitali binafsi, anapiga picha leseni, kitambulisho cha NIDA na wasifu wake, anarusha vyote kwenye kundi la WhatsApp lenye mamia ya watu asiowajua. Tapeli hana haja ya kuiba, anaokota tu. Anayetaka nyaraka zako azitaje kwa barua ya taasisi, na kila nakala uichore mstari wenye tarehe na jina la anayepelekewa.

Wenzetu wa Marekani wanapigwa kwa mtindo huohuo. Huko matapeli hujiita maofisa wa DEA, wakala unaosimamia dawa zinazodhibitiwa. Humtajia daktari namba ya leseni yake, na simu huonyesha namba inayofanana na ya ofisi halali. DEA yenyewe imetangaza kwamba haimpigii mtu simu kudai pesa. Kwetu kanuni ni ileile: lalamiko dhidi ya mtaalamu hushughulikiwa kwa maandishi, na mlalamikiwa hupewa nafasi ya kujieleza. Faini ya kufunga faili kwa simu haipo. Ingekuwepo, ingekuwa rushwa, na hilo peke yake litoshe kukata simu.

Kuhusu malipo, nisikilizeni vizuri. Ada ya baraza hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, kupitia benki au menyu ya malipo ya serikali kwenye simu. Ukiambiwa utume kwenye namba ya mtu, au kwa wakala, umeshajua unaongea na nani. Hata kontroo namba ya kweli haitoshi ukitajiwa kwa simu, kwa sababu inaweza kuwa ya deni la mtu mwingine, ukajikuta unamlipia. Itoe mwenyewe ndani ya akaunti yako kwenye mfumo wa baraza.

Wizi wa pili hauombi pesa mwanzoni. Mpigaji anajitambulisha kama mratibu wa semina Dodoma, anataka "kuthibitisha jina kwenye orodha ya posho", na anakuomba umsomee tarakimu 6 zilizoingia kwa ujumbe. Hizo ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake. Muda si mrefu kundi zima la idara linaombwa laki mbili "nitarudisha jioni", kwa jina lako na picha yako. Wengine hukuambia ubonyeze *21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya reli. Hapo simu zako zote zinaelekezwa kwake, pamoja na ile ya kuthibitisha akaunti. Kagua kwa *#21#, futa kwa ##002#. Na kila mwanachama aweke leo hii PIN ya uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Bila hiyo, tarakimu 6 tu zinatosha kukuvua akaunti.

Laini ikipoteza mtandao ghafla ilhali za wenzako zinashika, usisubiri kesho: huenda mtu amechukua laini nyingine yenye namba yako, akijifanya wewe. Piga *106# kwa simu nyingine uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Pesa ikishatoka, kinachoamua ni dakika. Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, mara moja, taja namba ya muamala, kiasi na saa, uombe izuiwe kabla haijatolewa kwa wakala. Kisha nenda polisi upate RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa kujifanya mtu mwingine. Kama wizi ulianza kwa ujumbe mfupi, utume ujumbe huo 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba iliyouleta. Usifute kitu.

Wengi waliokuja ofisini walikuja wamechelewa, na sababu wanaitaja wenyewe: aibu. Msomi kutapeliwa! Kamati haikubaliani na aibu hiyo. Anayekaa kimya siku tatu anampa mwizi nafasi ya kumpigia mwenzake wa zamu ileile.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: orodha ya simu za wafanyakazi iondolewe kwenye mbao za matangazo za vituo tunavyoviongoza, na mapokezi wasitoe namba ya mtaalamu kwa mpigaji yeyote, bali wachukue yake. Yatajadiliwa baada ya taarifa ya Mhazini.

Mwenyekiti