Rafiki yangu wa maombi anataka nitupe magongo kabla mjukuu azaliwe

Shangazi, Bwana asifiwe. Naomba uniskize hata kama barua ni ndefu, juu wale ningewaambia hii shida wote tunaabudu pamoja na ikifika kwa akina mama wa kwaya itakuwa imetiwa chumvi hadi mimi mwenyewe nisiitambue.

Mimi ni mama wa Kayole, mzee wangu alitangulia miaka mingi imepita, nauza mitumba za watoto. Karibu na Pasaka nilikuwa natoka Gikomba na mzigo wangu, tukafika steji makanga akaanza shuka mathe shuka haraka, gari yenyewe haijasimama vizuri, mguu mmoja uko chini mwingine uko kwa ngazi na dere akaondoa. Mfupa wa muundi ukavunjika. Nikafanyiwa operesheni, wakaniwekea chuma na skrubu, nikarudi nyumbani na magongo na karatasi ya kwenda fizio. Mzigo sijui ulienda wapi, huo niliusamehe.

Sasa msichana wangu, kifungua mimba, ako na mimba ya kwanza na ni mwezi ujao. Anaishi Pipeline, ghorofa ya nne, na zile nyumba unazijua, lifti hakuna, ngazi ni nyembamba na zina giza hata mchana. Tangu niolewe nilijua siku yake ikifika nitakuwa hapo, nimwoshe mtoto, nimpikie uji wa wimbi na njahi, nimwambie alale mimi niamke na mtoto usiku. Ananipigia usiku akilia ati mum bila wewe sitaweza. Mama mkwe wake amesema atatoka ushago akuje amsaidie, na ni mama mzuri sina neno naye, lakini Shangazi nikiskia hivyo kuna kitu kinanichoma hapa kifuani. Namwomba Mungu aniondolee.

Lakini hiyo si shida yenyewe. Shida ni rafiki yangu.

Usimwone mbaya tafadhali. Huyu dada tumeomba pamoja tangu watoto wetu wakiwa nasari. Nilipovunjika ndiye alilala hospitali kwa kiti cha plastiki, ndiye alifungua grupu ya WhatsApp ya mchango watu wakatuma M-Pesa hadi bili ikaisha, ndiye alikuwa ananiogesha mguu umefungwa na nailoni ndio kidonda kisilowe (na venye hizo mifuko zilipigwa marufuku 2017 hadi leo sijamuuliza alikuwa anazitoa wapi). Maji ya mtungi ananibebea. Ndugu zangu wa damu walituma emoji za maombi, yeye alikuja.

Sasa amekuwa na neno moja tu. Kila akija anapaka mafuta ya upako kwa kovu, anaomba kwa nguvu hadi jirani anagonga ukuta, halafu anasema simama, tupa hayo magongo kwa jina la Yesu. Ananisomea Matendo sura ya 3, yule kiwete wa mlango Mzuri aliyeshikwa mkono na Petro akaruka. Nikimwambia fizio amesema nikanyagie kidogo tu hadi eksirei ionyeshe mfupa umeshika, anasema fizio hajui Mungu wangu. Siku moja akaniuliza, mjukuu akija utambeba na mkono gani na yote mbili imeshika magongo? Hiyo iliniingia. Sikulala.

Tena ameshaenda mbele. Kanisani tuko na Jumapili ya shukrani inakuja, ameambia feloshipu nzima kwamba siku hiyo nitatembea hadi madhabahuni bila kitu mkononi na nitoe ushuhuda. Wamama wameanza kufunga kwa ajili hiyo. Pasta yeye aliniambia tu nijiandae na ushuhuda, sijui kama anajua ni ushuhuda gani.

Shangazi, mimi naamini Mungu anaponya. Sitaki uniambie hizo ni ujinga za dini, tafadhali, hapo tutakosana. Lakini pia yule daktari aliniambia vizuri kabisa, kwamba nikiubebesha mguu uzito wote kabla wakati, skrubu inaweza kuachia ama chuma ipinde na nirudi theata. Na nikirudi theata mwezi ujao, huyo mtoto nitamwona kwa simu.

Kitu kingine kimebadilika na sijawahi kumwambia mtu. Mimi nimekuwa wa kuomba nikipiga magoti, saa kumi alfajiri, kando ya kitanda kwa mkeka. Sahii magoti haiwezekani. Miezi ya kwanza nilikuwa nakaa tu kitandani dawa za maumivu zimenilewesha nasinzia katikati ya Baba Yetu, na Zaburi 34 niliyokuwa naipenda nikashindwa kuisoma juu inasema Mungu huhifadhi mifupa yote ya mwenye haki na wangu uko na skrubu ndani. Sikumkasirikia, lakini nilikuwa nairuka hiyo kurasa. Sasa fizio akanifundisha zoezi, unakaa unavuta kidole cha mguu kije juu halafu unasukuma chini, polepole, mara nyingi kwa siku damu isigande. Nikaanza kuweka mtu kwa kila mvuto. Juu, msichana wangu. Chini, mtoto ageuke vizuri. Juu, mkwe wangu apate kazi ya kudumu. Chini, yule dere na makanga wake, hao ilichukua muda kuwaingiza kwa listi. Na nakwambia sijawahi kuomba hivyo maisha yangu yote, hata nikiwa na magoti yangu mazima.

Katika kusoma nikafika Waebrania 11, ile sura ya mashujaa wa imani, nikapata Yakobo. Mzee anakaribia kufa, anabariki wana wa Yusufu, hao ni wajukuu wake, na imeandikwa aliabudu akiegemea fimbo yake. Shangazi nilipiga kelele peke yangu kwa nyumba. Babu, wajukuu, fimbo, na yuko kwa orodha ya imani! Nikampigia rafiki yangu nikamsomea. Akanyamaza kidogo akasema hiyo ni ya Agano la Kale. Waebrania ni Agano Jipya lakini nilimwacha, juu alikuwa njiani ananiletea mboga.

Sasa niambie nifanye nini. Nikimkataza nitaonekana nimekosa imani na nimemwaibisha mbele ya wamama waliofunga, mtu amenibebea maji miezi yote hii nimlipe hivyo? Nikinyamaza siku itafika na watu wataanza kuimba wakinitazama, na mimi najijua, nyimbo zikipanda naweza kweli nikaachilia hayo magongo. Nimefikiria niende kwa pasta kwanza, ama nimpeleke rafiki yangu na mimi kwa eksirei aone picha na macho yake daktari akimwelezea, lakini je, si atasema nimemwita daktari amshinde? Na nikitoka mbele na magongo yangu nishukuru vile nilivyo, hiyo nayo si ushuhuda?

Halafu kwa msichana wangu, ni heri nimwambie akitoka hospitali aje kwangu Kayole kwa ploti ya chini ambapo naweza kukaa kwa kiti nikabeba mtoto, ama hiyo itakuwa kumdharau mama mkwe wake ambaye ameshapanga safari?

Eksirei ni wiki ijayo, shukrani inafuata Jumapili yake, na mtoto naye atakuja siku yake, kwa hivyo ukiweza nijibu mapema.

Shosho mtarajiwa,
Kayole, Nairobi