Risala ya Wachezaji wa Netiboli kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Michezo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi, wanamichezo wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu sana. Kwa kawaida risala huanza na historia ya timu. Vikombe vyetu viko pale mezani, si vingi, unaweza kuvihesabu ukiwa umekaa. Tumeona heri tujibu swali ambalo wazazi hutuuliza kila tukichelewa mazoezini: netiboli itawafikisha wapi?

Mheshimiwa, Irene van Dyk alianza kuichezea Afrika Kusini mwaka 1994. Mwaka uliofuata timu yake ilifika fainali ya mashindano ya dunia kule Birmingham. Mwaka 2000 alihamia New Zealand na familia yake, akavaa jezi ya Silver Ferns, timu ya taifa ya huko. Kuhama nchi hakukosi maneno, hayo tunawaachia wakubwa. Mwaka 2003, jijini Kingston, New Zealand iliifunga Australia 49-47 na kutwaa ubingwa wa dunia iliokuwa imeukosa tangu 1987. Zikafuata dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola: Melbourne 2006, kisha Delhi 2010, fainali iliyoongezwa muda mara mbili hadi ikaisha 66-64. Alipostaafu timu ya taifa mwaka 2014 alikuwa amecheza mechi 217 za kimataifa, 72 za Afrika Kusini na 145 za New Zealand.

Namba hizo zilitoka kwenye kazi ya GS, yaani mfungaji wa timu, na wanaoicheza hapa wanaijua adha yake. Pete iko mita 3.05 juu, haina ubao nyuma kama ya kikapu. Ukishadaka mpira una sekunde tatu tu. Mlinzi amesimama sentimita 90 kutoka mguu wako, mikono juu, anakuziba hata usione pete. Unakunja magoti, unausukuma mpira juu ya vidole vyake, kiganja kinamalizia. Irene ana urefu wa sentimita 190, lakini warefu wanaokosa magoli wapo tele. Yeye alikuwa akirusha mamia ya mipira golini kila siku ya mazoezi.

Na kitaaluma ni mwalimu. Hilo tunaomba wazazi walisikie vizuri, kwani netiboli haimo kwenye Olimpiki na fedha zake ni chache ukilinganisha na soka. Goti nalo halina huruma: mchezo huu unakutaka udake mpira ukiwa hewani, utue na kusimama papo hapo, na hapo ndipo wengi huumia. Mchezaji asiye na elimu akiumia hana pa kushika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, maombi yetu ni haya. Nguzo ya goli la upande wa darasani imeinama, pete imeshuka. GS wetu wamezoea kufunga humo, wakienda ugenini mipira yote inaishia chini ya pete. Tunaomba nguzo mpya mbili. Uwanja nao una nyufa, tunaomba usakafiwe upya kabla goti la mtu halijaharibika. Na kwa uongozi wa shule: mechi zisipangwe wiki ya mitihani.

Naomba kuwasilisha.