Mwanangu, umemuuliza dada yako?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Amu, yaani Lamu, tu wazima, alhamdulillahi, na twakuombea uzima huko Mombasa.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata na nimeusikiliza hadi mwisho. Wasema wakubwa wameshakubaliana, mposaji ni mtu wa heshima, dada yako akimaliza mtihani wa kidato cha nne aozwe Desemba hii, nawe utakuja kusimama kama walii wa kumwoza. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza, na haya nataka uyapokee yote.

Huyo mposaji sina neno naye. Anaswali, ana mashua zake za kupeleka wageni Manda Toto, na watu wake ni wema. Kinachoniuma ni kwamba katika mazungumzo yote hayo, ya ami zako na yako, hakuna aliyemuuliza msichana. Habari za posa yake alizipata kwa binamu yake.

Mwaka 2024 ulipoingia barabarani na wenzako kuupinga Mswada wa Fedha, ami zako walinitaka nikuite nyumbani upate akili. Nilikataa. Baada ya yale ya tarehe 25 Juni kule Bungeni, watoto wa watu wakipigwa risasi, usingizi ulinipaa, lakini sikukuambia urudi. Ulikuwa ukinieleza kwamba haiwezekani watu watozwe kodi na wasisikilizwe, nami niliona wasema kweli. Kesho yake Rais akatangaza kuwa hatautia saini. Basi nijibu: haki uliyoidai kwa Rais, dada yako aidai kwa nani?

Wewe ni mtoto wa mvuvi na wajua sisi wa hapa tumeamuliwa mangapi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 wavuvi walikatazwa kutoka usiku, na hakuna aliyewauliza watakula nini. Ilipokuja bandari ya Lamu, baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akivua kwenye ghuba ya Manda. Kina kilipochimbwa maji yakajaa tope, mikoko ikakatwa, samaki wakahama, na dau dogo kama lake haliwezi kutoka nje ya miamba wakati wa kusi. Hakuna aliyekuja kwanza kukaa na wavuvi. Wazee wetu wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Watu walishikilia habari za zile bilioni, wakazungumza bilioni, na kulipwa kwenyewe kukawa ni kuvutana kwa miaka. Lakini baba yako alichokishika ni kile majaji walichosema kuhusu watu wenyewe: kwamba Katiba iliwapa wakazi haki ya kupewa habari na kushirikishwa, na haki hiyo ilivunjwa. Alikuwa akiirudia barazani mpaka wenzake wakamjua kwayo.

Na makaa ya mawe ya Kwasasi je? Wewe ulikuwa sekondari. Walitaka kujenga mtambo wa megawati 1,050 karibu na mji wetu huu, ambao UNESCO imeuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Wanawake wenzangu walitoka na mabuibui yao wakasimama juani na wanaume. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikaifuta leseni iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira. Sababu kubwa ilikuwa nini? Ile mikutano waliyoifanya mapema, kabla ripoti ya athari kwa mazingira haijakamilika, ilikuwa ya kujitambulisha tu. Watu hawakupewa ripoti wakaisoma, wakauliza, wakajibu, na majibu yao yakatiwa maanani. Kumwita dada yako sebuleni akishamaliza mtihani na kumtajia siku ya nikahi ni mkutano wa aina hiyo hiyo.

Najua ami zako watakuambia haya ni mambo ya Wazungu na mashirika. Tafadhali usiwaachie dini, kwa maana dini iko upande wa dada yako. Khansa binti Khidam aliozwa na baba yake bila ridhaa yake, akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, naye akaivunja ndoa ile. Na bikira amesemwa wazi kwamba huombwa idhini, na kunyamaza kwake ndiyo idhini yake. Tena sisi ni Mashafii. Katika madhehebu yetu wenye mamlaka ya kumwoza bikira bila kauli yake ni baba, na babu mzaa baba. Ndugu hana mamlaka hayo, wala ami. Baba yenu hayupo, na babu yenu alimtangulia. Kwa hiyo walii ni wewe, kaka yake wa baba na mama, na ami zako wako nyuma yako katika safu hiyo. Ndiyo maana wamekutafuta wewe kwanza, kwa maneno matamu. Bila wewe hawana njia, na wewe bila yeye huna njia. Kama wanifikiria nimejitungia, mwendee sheikh yeyote unayemwamini huko Mombasa.

Mimi nimemuuliza. Hakunyamaza. Amesema hataki, akanieleza kwa nini, na sababu zake nitamwachia akupe mwenyewe.

Iko na sheria pia. Dada yako atatimiza miaka 18 mwezi wa Machi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zote zakataza kumwoza kabla ya hapo, na anayemwoza mtoto ameingia katika jinai. Lakini sitaki uisome barua hii ukatoka na jibu la kusogeza harusi hadi Aprili. Akiwa na miaka 18, akiwa na 25, swali ni lile lile.

Ami yako mkubwa aliniambia mbele ya watu kwamba mwanamke kazi yake si kuamua. Nilimjibu kwa adabu, kwani ni mkubwa na ana haki yake kwangu, lakini nilimjibu. Wenzetu wa Lamu Mashariki, watu wa Faza na Kiunga ambao yeye huwaona ndio washikaji wa mila, mwaka 2022 walimpeleka Bungeni mwanamke, Ruweida Obo. Katiba ya 2010 yasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na Bunge limeshindwa kutunga sheria ya kulitimiza hilo, hadi Jaji Mkuu Maraga mwezi wa Septemba 2020 akamshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Wabunge wanaotukalia hivyo wametoka katika nyumba zinazofikiri kama ami yako, na hilo ndilo linalonifanya nisinyamaze kwa jambo la nyumbani. Hawa wanaume ndio waliolia pamoja nasi kwamba Nairobi haituulizi!

Baba yako hakuwa hivyo. Siku ya kura mwaka 2017 tulitoka pamoja alfajiri, tukapanga foleni, kila mtu akampigia wake. Ndugu zake walimtaka kura za nyumba yake zote ziende kwa mtu wao, akawajibu kwamba kura ya mkewe si mali yake hata aigawe. Tulibishana siasa mimi naye mpaka chai ikapoa, na sikumbuki hata mara moja alinyanyua sauti kunifunga mdomo. Nakukumbusha kwa sababu wewe pia utaoa, na huyo utakayemuoa atakuwa na akili yake.

Dada yako ataka kusomea uuguzi. Wewe wajua mama mjamzito wa Kiunga akizidiwa usiku ni safari gani ya bahari hadi afike hospitali hapa mjini. Matokeo yakiwa mazuri nitaomba basari ya wadi, na vikuku vyangu vitauzwa kwa pengo litakalobaki. Machi nitakwenda naye kuchukua kitambulisho. Nilipokwenda kuchukua changu, Mbajuni mimi, mtu wa pwani ya kuelekea Somalia, ofisini waliniuliza mpaka vyeti vya babu yangu kama kwamba nimevuka mpaka jana, kwa hiyo nataka niwe naye. Kisha atajiandikisha kura, Agosti 2027 apige. Akitaka kuolewa baadaye, na huyo huyo au na mwingine, nitampigia vigelegele kuliko wote.

Ami zako watarudi Ijumaa baada ya Isha. Nimewaambia walii atawajibu kwa simu, na sikuwaambia utajibu nini. Sitakushurutisha. Nakutaka kabla ya Ijumaa uzungumze na dada yako. Mpigie baada ya Magharibi akiwa ametoka kwa masomo ya ziada, mimi nitampa simu na nitatoka chumbani. Muulize kama ataka, umwache aseme hadi amalize, kisha uwapigie ami zako uwaambie alivyosema yeye.

Na ile kofia uliyoniagiza imekwisha kufumwa, nitaipa mtu wa basi Jumamosi.

Wasalaam,
Mamako