Barua kwa mwanangu aliyerukwa cheo

Mwanangu,

Voisi noti yako nimeisikiliza mpaka mwisho, nikamwita mama yako naye akaisikiliza, akaanza kuwatukana Wamarekani wote kwa jumla mi nikamwambia ngoja kwanza tujue nani kafanya nini. Nakuandikia badala ya kukujibu kwa sauti kwa sababu haya nataka uyasome tena ukishatoka shifti na umelala kidogo. Ni marefu kidogo, vumilia, unajua mzee akistaafu maneno ndo yanabaki kazi yake.

Nianze na nilivyoelewa. Ulifanya mtihani wa usajenti hapo polisi kwenu, ukapita vizuri, jina lako likakaa juu kwenye orodha, nafasi ikatoka akapewa mtu aliye chini yako. Nafasi ya pili ikatoka, wakakuruka tena. Sababu ni kwamba kwenye intavyu ulionekana "hujawa tayari kuongoza" na tena ati lafudhi yako inasumbua watu redioni. Lafudhi! Miaka yote hiyo ukiita msaada usiku wenzako wanakuja mbio na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu ya lafudhi yako, ila siku ya cheo ndo masikio yanaziba. Na waliopewa wote wawili ni Wazungu, na kabla yao hao wengine pia, na wewe unasema katika ile steshini hujawahi kumwona sajenti mweusi tangu uingie. Halafu unamalizia, "Baba nitanyamaza, nisubiri mtihani ujao."

Hapo ndo hatukubaliani mama. (Unajua nakuita mama kwa sababu unabeba jina la mama yangu, na yeye hakuwa mtu wa kunyamaza, uliza wajomba zako.)

Kunyamaza kungekuwa na maana kama sheria ingekuwa inakungoja, lakini haikungoji. Kaka yako alinitolea kwenye intaneti mambo ya jimbo lenu la Massachusetts na nimeyasoma mwenyewe na miwani yangu, askari mzee haamini cha kusimuliwa. Kwenye idara zilizo chini ya sivili savisi, yaani utumishi wa umma, na wewe ulishaniambia yenu iko, mkubwa akimruka mtu wa juu akachukua wa chini lazima aseme sababu kwa maandishi, na aliyerukwa ana siku 60 toka apate taarifa hiyo kukata rufaa kwenye Tume ya Utumishi wa Umma ya jimbo. Hiyo moja. Nyingine ni ubaguzi wenyewe, kuna ile tume ya jimbo ya kupinga ubaguzi mnaita MCAD, huko unapewa siku 300 toka tendo lilipofanyika. Sasa hesabu. Kurukwa kwa kwanza kuna tarehe yake, kwa pili kuna yake, na mtihani ujao utafika siku hizo zimeshakufa zamani, halafu utakapolalamika watakuuliza mbona hukusema mapema. Barua ya sababu unayo au walikuambia kwa mdomo? Kama ni mdomo, iombe kwa maandishi wiki hii, sentensi mbili tu, bila ukali wowote, na ubaki na kopi.

Watu watakwambia hayo mambo yako ni ya kufikiria tu, kwamba Marekani ilishamaliza ubaguzi na ile sheria ya haki za raia ya 1964. Iliandikwa kweli 1964, ila mwanzoni haikuzigusa serikali za majimbo na miji, kwa hiyo polisi walikuwa nje yake mpaka ilipopanuliwa 1972. Mwaka huohuo hapa kwetu Uganda Amin akawapa Wahindi siku 90 wafungashe, kwa hiyo na sisi tusijifanye watakatifu. Na Boston hapo karibu na shangazi yako, askari wao mweusi wa kwanza, Horatio Homer, aliingia 1878 akaupata usajenti 1895. Kamishna mweusi wa kwanza wa Boston, William Gross, ni 2018. Nilipoona hiyo nikacheka peke yangu, manake Uganda Police imeanza 1906, Wazungu juu, Wahindi wachache katikati, sisi chini, na pamoja na kutawaliwa kote huko, ilipofika 1964 tulikuwa tayari na IGP, mkuu wa polisi wote, Mwafrika, Erinayo Oryema. Sisi tumechukua miaka 58, Boston 140. (Ingawa Oryema mwenyewe unajua yaliyompata 1977 chini ya Amin, hiyo ni habari nyingine na inaniuma.)

Babu yako alivaa hiyo yunifomu wakati wa Mwingereza. Alikuwa anasimulia kwamba hakuna Mzungu aliyewahi kumwambia wewe huwezi kupanda kwa sababu ni mweusi, hawakuwa na haja ya kusema. Walikuwa wanaangalia nani anatumwa kwenye kozi, nani anapewa ofisi na nani anabaki getini, na cheo kikija kinamkuta yule wa ofisini yuko tayari, na yule wa getini hana "uzoefu". Mzee hakusoma sana lakini hapo aliona mbali. Ndo maana nakuuliza kitu ambacho hukukisema kwenye voisi noti: hao wawili waliopewa, kabla ya intavyu walikuwa wanafanya nini? Nani aliwaweka kukaimu usajenti bosi akiwa likizo? Nani alipelekwa ile mafunzo ya usimamizi, na tangazo lake lilibandikwa wapi? Mimi nakuhakikishia jibu la "hujawa tayari" lilipikwa muda mrefu kabla hujaingia kwenye kile chumba. Ukitaka kuwashika washike huko, si kwenye intavyu peke yake ambako kila mtu atasema yeye aliona hivi na mwenzake aliona vile.

Na ukabila wetu hapa nyumbani ulikuwa unaenda hivyohivyo, rangi ilipoondoka ikabaki "huyu mtoto wa nani". Wewe ulikulia bareki, maneno hayo umeyasikia ukuta kwa ukuta kwenye uniporti, vile vijumba vya bati vya askari, orodha ya vyeo ikitoka watu wanasoma majina na kabla hawajafika mwisho wameshajua imetoka upande gani. Katiba ya 1995 inakataza kubagua mtu kwa rangi na kwa kabila, na kuna hadi Tume ya Fursa Sawa kwa sheria ya 2007, lakini uliza askari wa kawaida kama anajua pa kupeleka hiyo karatasi. Mimi nimestaafu na tepe zangu tatu, sina kesi na mtu. Nachotaka ujue ni kwamba wewe una kitu ambacho wengi wetu hatukuwa nacho, una orodha yenye namba, jina lako liko juu na la mwenzako liko chini na kila mtu anaweza kuisoma. Hiyo ni mali. Usiiache ioze mezani.

Sasa kuna jambo gumu kidogo na naomba ulisome polepole. Hao wenzako weusi waliozaliwa huko wana kesi zao za mtihani na wewe una ya kwako, zinafanana lakini si moja. Wao wamepigana kwamba mtihani wenyewe ni mbaya, unapima nani amekariri vitabu, haupimi nani anaweza kuongoza watu usiku kukiwa na risasi. Matokeo yamekuwa huku na huku. 2015 jaji mmoja wa Boston aliwapa haki masajenti weusi juu ya mtihani wa luteni wa 2008. Mwaka uliofuata, mahakama ya rufaa ikawakatalia wengine juu ya mtihani wa sajenti. Kesi nyingine ilifunguliwa mahakama ya jimbo 2009, jaji akaja kusema mitihani ilibagua ni 2022. Miaka 13 mama! Mtu anafungua kesi mtoto wake yuko praimari anaisikia hukumu mtoto ana ndevu. Na kuna ile ya New Haven jimbo la jirani, zimamoto, mji uliona hakuna mweusi angepanda ukatupa matokeo yote ya mtihani wa 2003, Wazungu waliofaulu wakashtaki, na 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi, majaji 5 kwa 4. Mimi nikiwafikiria wale waliokesha wakisoma halafu karatasi yao ikatupwa, siwezi kuwachukia. Hao wenzako wawili waliopewa nafasi pia usiwageuze maadui, hawakujipa wenyewe.

Kesi yako ni kwamba mtihani uliupita na wakakutoa kwenye intavyu. Mjanja mmoja wa idara atakuja kukwambia "unaona, mtihani ni wa haki, hata wewe umepita, waambie na wenzako." Usiwe shahidi wake. Unaweza kuupita mlango mwembamba na bado mlango ukawa mwembamba. Sema tu hilo silo nililolalamikia. Na usijitenge na hao wenzako kwa sababu wewe ni Mganda na wao ni Wamarekani, nimesikia wengi wetu huko wana hiyo tabia ya kusema sisi hatuko kama wale, upuuzi mtupu, mlango unaopitia wao ndo waliuvunja. Wana chama chao cha askari weusi na wengine walio wachache huko Massachusetts, MAMLEO, nenda ukae nao, watakuwa wanajua wakili gani anajua kazi na yupi anakula hela.

Kuhusu kuandika. Unakumbuka nilivyokuwa nikishika SD, ile dayari ya steshini, kila ingizo na namba yake na tarehe na saa, hakuna kufuta hakuna kuruka mstari. Fanya hivyo. Daftari la karatasi, la nyumbani, si simu ya kazi wala kompyuta ya kazi. Saa ngapi, wapi, nani alisema, maneno yenyewe aliyotumia, nani alikuwepo. Usiandike "alinidharau", andika alichosema na mwenye kusoma atajionea dharau mwenyewe. Na andika na yasiyokupendeza pia, siku uliyochelewa, siku uliyojibu vibaya, kwa sababu wao watayaleta na heri yakukute umeshayaweka.

Ukishapeleka malalamiko mambo yatabadilika, tusidanganyane. Shifti mbaya, likizo kukataliwa, gari bovu, watu kunyamaza ukiingia chumba cha chai. Kulipiza kisasi kwa aliyelalamika ni kosa jingine kabisa kwenye sheria yenu, linasimama peke yake hata kama la kwanza halikushinda, kwa hiyo kila kitu cha namna hiyo nacho kiingie kwenye daftari na tarehe yake. Usiache kazi kwa hasira. Na usiweke neno lolote Facebook, hata kwa Kiswahili, ati hawaelewi, siku hizi mashine inawatafsiria.

Hapa Tororo tuko salama, mvua imechelewa na mihogo inalalamika, mama yako sukari imeshuka na hela ya dawa ilifika, asante. Anasema umwambie huyo bosi wako kitu ambacho siwezi kukiandika hapa.

Barua ya kuomba sababu iandike leo, unitumie picha kabla hujaipeleka, nikuangalizie kama haina maneno ya hasira. Kiingereza changu cha ripoti bado kipo.

Baba yako